Mke wa Jenerali, Mama wa Watoto wa Vita: Maisha ya Li Dequan (1896–1972)



Nilipokuwa chuo cha theolojia, mwalimu wetu wa historia ya Kanisa alipenda kutusimulia habari za Feng Yuxiang, yule mkubwa wa jeshi la China ambaye watu walimwita Jenerali Mkristo. Alitueleza jinsi Feng alivyobatizwa mwaka 1914, jinsi askari wake walivyoimba nyimbo za kanisa wakiwa safarini, na jinsi alivyopiga marufuku afyuni, kamari na uasherati katika kambi zake. Sisi wanafunzi tulisikiliza kwa mshangao. Sikumbuki kama kuna mmoja wetu aliyeinua mkono na kuuliza habari za mke wake.

Miaka mingi ilipita kabla sijaijua habari hiyo. Mke huyo aliitwa Li Dequan. Aliishi miaka 24 baada ya mumewe kufa. Aliokota watoto wa vita, akawa waziri wa kwanza wa afya wa Jamhuri ya Watu wa China, na akaongoza Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo. Maisha yake yana mambo ya kumshukuru Mungu, na yana mambo ambayo sisi Wakristo lazima tuyafikiri bila haraka. Nitasimulia yote mawili.

Binti wa kanisa lililochomwa

Li Dequan alizaliwa mwaka 1896 huko Tongzhou, mji ulio karibu na Beijing. Jamaa yake walikuwa watu wa asili ya Kimongoli, maskini, nao walikuwa wameipokea Injili kutoka kwa wamisionari Waprotestanti wa Marekani waliokuwa na kituo katika mji huo.

Kuwa Mkristo mahali pale hakukuwa jambo jepesi. Mwaka 1900, Dequan akiwa na umri wa miaka minne hivi, kundi lililoitwa Mabondia liliinuka dhidi ya wageni na dhidi ya Wachina waliofuata dini ya wageni. Huko Tongzhou majengo ya misheni yaliteketezwa na Wakristo wengi wakauawa. Kwa hiyo kanisa alimokulia mtoto huyu lilikuwa kanisa lililojengwa tena juu ya majivu. Wazee waliomfundisha kuomba walikuwa watu waliozika jamaa zao kwa ajili ya imani.

Wakati ule wasichana wengi wa China walifungwa miguu tangu utoto ili isikue, na wachache sana walitumwa masomoni. Dequan alipata nafasi ya kusoma kwa sababu ya kanisa. Aliingia shule ya wasichana ya Bridgman mjini Beijing, iliyoanzishwa mwaka 1864 na mmisionari Eliza Bridgman. Kisha akaendelea katika chuo cha wasichana cha misheni, ambacho baadaye kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Yenching. Alipomaliza alirudi kufundisha katika shule ileile ya Bridgman. Baadaye akafanya kazi katika YWCA ya Beijing, yaani umoja wa wanawake vijana Wakristo, akiwa katibu.

Kazi hiyo ya katibu tusiidharau. Ndipo alipojifunza kuita mkutano, kuandika barua, kutunza pesa za watu kwa uaminifu, na kukusanya wanawake wa hali mbalimbali kwa jambo moja. Mambo haya hayasifiwi mimbarani, lakini yalimfaa maisha yake yote.

Ndoa na Jenerali

Mwaka 1923 Feng Yuxiang alifiwa na mke wake wa kwanza, akaachwa na watoto. Mwanzoni mwa 1924 alimwoa Li Dequan. Feng alikuwa mtu mwenye nguvu kati ya wale majenerali waliokuwa wamegawana China, na wazazi wengi wenye cheo wangefurahi kumpa binti yao. Yeye alimchagua mwalimu maskini wa kanisa. Inasimuliwa kwamba alimwuliza kwa nini amekubali kuolewa naye, naye Dequan akamjibu kwamba Mungu aliogopa Feng asije akafanya mabaya, ndiyo maana akamtuma yeye kuja kumchunga. Ukisoma maisha yao unaona kwamba jibu hilo halikuwa mzaha mtupu.

Miezi michache baada ya ndoa, Feng aliingia Beijing na jeshi lake, akaiangusha serikali iliyokuwapo, akamtoa mfalme wa mwisho, Puyi, katika jumba la kifalme. Lakini nguvu za bunduki hazidumu. Mwaka 1926 alikuwa amekwisha kusukumwa nje, akaenda Umoja wa Kisovyeti, na Dequan akaenda pamoja naye. Walirudi na mawazo mapya juu ya wafanyakazi na wakulima. Mwaka 1930 Feng alishindwa katika vita kubwa dhidi ya Chiang Kai-shek, na jeshi lake likatawanyika.

Wake wengi wa wakubwa, bwana anapoanguka, hubaki wakilia juu ya nyumba na magari waliyopoteza. Feng na Dequan walikwenda kukaa penye mlima Taishan, katika jimbo la Shandong. Huko walianzisha shule kadhaa kwa watoto wa maskini wa vijiji vya mlimani. Tayari mjini Beijing Dequan alikuwa ameanzisha shule. Hakusubiri mume wake arudi kwenye kiti ndipo aanze kuwatumikia watu.

Watoto wa barabarani

Mwezi wa 7 mwaka 1937 jeshi la Japani liliishambulia China kwa vita kamili. Kabla mwaka huo haujaisha, Shanghai na Nanjing zilikuwa zimeanguka. Makundi makubwa ya wakimbizi yalikimbilia magharibi, na mji wa Wuhan kwenye mto Yangzi ukajaa. Kati ya wakimbizi hao kulikuwa na watoto wasio na mtu: wengine wazazi wao waliuawa, wengine walipotea njiani wakati mabomu yalipoanguka.

Tarehe 10 Machi 1938, wanawake walikutana Hankou, sehemu ya mji wa Wuhan, wakaunda chama cha kuwatunza watoto wa wakati wa vita. Mwenyekiti alikuwa Song Meiling, mke wa Chiang Kai-shek. Makamu wake alikuwa Li Dequan. Tuelewe maana yake. Mume wa mmoja ndiye aliyeshinda jeshi la mume wa mwingine. Damu ya maelfu ya askari ilikuwa kati ya nyumba hizo mbili. Tena ndani ya chama hicho aliketi Deng Yingchao, mkomunisti, mke wa Zhou Enlai, ambaye chama chake kilikuwa kimewindwa na Chiang kwa miaka kumi. Wanawake hao waliketi meza moja kwa sababu watoto walikuwa wakifa barabarani.

Kazi ilikuwa ngumu. Watoto waliokotwa karibu na mstari wa vita, wakiwa na vidonda, chawa, kuhara na hofu. Walihitaji kuoshwa, kutibiwa, kulishwa, na kisha kuondolewa, kwa kuwa adui alikuwa akikaribia. Wuhan ilianguka mwezi wa 10 mwaka uleule. Kabla ya hapo watoto walipandishwa mashuani, wakapelekwa juu ya mto Yangzi hadi Sichuan na majimbo mengine ya nyuma, ambako makao yalifunguliwa. Huko walipata chakula, masomo na walimu waliokaa nao mchana na usiku. Katika miaka minane ya vita chama hicho kilitunza watoto karibu 30 000.

Moto baharini

Vita na Japani ilipokwisha mwaka 1945, Wachina walikuwa wanaelekea kupigana wao kwa wao tena. Katika mwaka huo Dequan aliongoza kuanzishwa kwa umoja mwingine wa wanawake mjini Chongqing, uliodai amani na haki. Mwaka 1946 alikwenda Marekani pamoja na mume wake, aliyetumwa kuchunguza kazi za maji na umwagiliaji. Huko Feng alisema wazi dhidi ya serikali ya Chiang Kai-shek, na mlango wa kurudi nyumbani kwa njia ya kawaida ukafungwa.

Mwaka 1948 walipanda meli ya Kisovyeti iitwayo Pobeda ili warudi China kwa kuzunguka. Tarehe 1 Septemba, meli ikiwa katika Bahari Nyeusi karibu na Odessa, moto uliwaka ndani yake. Feng Yuxiang alikufa, na binti yao Xiaoda akafa pamoja naye. Li Dequan alitoka katika ule moto akiwa mjane na mama aliyepoteza mtoto, katika nchi ya ugeni, akiwa na umri wa miaka 52.

Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliendelea na safari. Alifika kaskazini-mashariki mwa China, mahali palipokuwa mikononi mwa Wakomunisti, na mwaka uliofuata akashiriki katika mkutano ulioweka msingi wa serikali mpya.

Waziri asiye daktari

Mwezi wa 10 mwaka 1949 Li Dequan alitajwa kuwa waziri wa afya. Alikuwa mmoja wa wanawake wachache sana katika serikali hiyo. Hakuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, wala hakuwa daktari, na uwezo mkubwa ndani ya wizara ulikuwa kwa makamu waliotoka katika jeshi na chama. Lakini mtu aliyekuwa ametunza watoto wa vita alijua vizuri wapi watu walikuwa wakifa.

Kwa hesabu za serikali ya China yenyewe, mwaka ule mtu aliyezaliwa nchini alitazamiwa kuishi miaka 35 tu. Katika kila watoto 1 000 waliozaliwa, karibu 200 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wengi wa wachanga hao waliuawa na pepopunda. Sababu yake ilikuwa ndogo na ya kusikitisha: mkunga alikata kitovu kwa kisu au mkasi usiochemshwa, na mtoto akafa baada ya siku chache. Watu walidhani ni pepo au bahati mbaya.

Serikali ingeweza kuwakataza wakunga wa vijijini. Lakini madaktari walikuwa wachache mno, na katika mamia ya maelfu ya vijiji mama anayezaa hakuwa na mtu mwingine wa kumwita. Basi njia iliyofuatwa ilikuwa kuwaita wakunga wenyewe na kuwafundisha: kunawa mikono, kukata kucha, kuchemsha mkasi, kufunga kitovu kwa kitambaa safi, kumwacha mama alale badala ya kumlazimisha kuketi. Mamia ya maelfu ya wakunga walifundishwa njia hiyo mpya. Wamama ambao walikuwa wakisaidia uzazi tangu ujana wao hawakutupwa. Walipewa maarifa yaliyokosekana.

Mwezi wa 8 mwaka 1950 mkutano wa kwanza wa afya wa taifa uliweka kanuni tatu: afya iwafikie kwanza wafanyakazi, wakulima na askari, kuzuia ugonjwa kutangulie kutibu, na waganga wa dawa za Kichina washirikiane na madaktari wa kisasa. Mwaka huohuo kampeni ya chanjo ya ndui, bila malipo, ilianza katika nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndui ilikuwa imekwisha China, zaidi ya miaka kumi kabla ya kumalizika duniani.

Orodha ya majina

Tangu 1950 Li Dequan alikuwa pia mkuu wa Msalaba Mwekundu wa China. Hapo ndipo alipopewa kazi ambayo mimi naiona kuwa kubwa kuliko zote.

Baada ya vita Wajapani zaidi ya 20 000 walikuwa wamebaki China: wafanyakazi, wauguzi, wanawake, watoto. Nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa kiserikali. Familia huko Japani hazikujua kama watu wao wako hai. Mwanzoni mwa 1953 wajumbe wa Msalaba Mwekundu wa Japani na wa vyama vingine viwili walikuja Beijing, mapatano yakafanyika, na kati ya mwezi wa 3 na wa 10 mwaka huo watu wapatao 26 000 wakasafirishwa kwa meli kurudi kwao.

Walibaki wale waliokuwa gerezani, askari na maofisa wa Japani waliotuhumiwa kwa makosa ya vita. Tarehe 30 Oktoba 1954 Li Dequan alifika Japani akiongoza wajumbe wa Msalaba Mwekundu, wa kwanza kutoka China mpya kuikanyaga nchi hiyo. Alikuja na orodha ya wafungwa hao, zaidi ya watu elfu moja, walio hai pamoja na waliokufa. Wake na wazazi waliokuwa wamengoja tangu 1945 walipata sasa kujua. Wengine walijua kwamba mume yu hai. Wengine walijua kwamba wanaweza kuanza kuomboleza.

Ndugu zangu, tufikiri kidogo. Mwaka 1938 mama huyu alikuwa akiosha vidonda vya watoto ambao baba zao waliuawa na jeshi la Japani. Mwaka 1954 alikuwa anawaletea wamama wa Japani majina ya wana wao, na kati ya wana hao walikuwamo waliofanya maovu hayo. Hakusema kwamba maovu hayakufanyika. Waliokuwa na makosa makubwa, watu 45, walihukumiwa mwaka 1956, na hakuna hata mmoja aliyeuawa. Wengine zaidi ya elfu moja waliachiliwa na kurudi kwao. Haki na huruma zilipewa nafasi zote mbili. Kwa mama anayengoja, jina la mwanawe ni jina la mwanawe, hata kama mwana huyo alikuwa adui.

Maswali yasiyoepukika

Sasa nifike mahali ambapo mchungaji angeweza kunyamaza ili hadithi ibaki tamu. Serikali ambayo Li Dequan aliitumikia ndiyo iliyochukua hospitali na shule za misheni baada ya 1950 na kuwaondoa wamisionari, hata wale waliofungua milango ya elimu kwa wasichana kama yeye. Kati ya 1959 na 1961 njaa kubwa iliipata China, iliyoletwa zaidi na mipango mibaya ya wakubwa, na watafiti wengi wanahesabu waliokufa kwa makumi ya milioni. Yeye alikuwa waziri wa afya katika miaka hiyo yote. Tena, mwishoni mwa 1958 alijiunga na Chama cha Kikomunisti, ambacho kinafundisha kwamba hakuna Mungu. Alipofariki Beijing tarehe 23 Aprili 1972, yalikuwa Mapinduzi ya Utamaduni, na milango ya makanisa ya China ilikuwa imefungwa tangu 1966.

Tufanye nini na mambo haya? Hukumu ya moyo ni ya Mungu, wala sitaki kuketi kwenye kiti chake. Namkumbuka Obadia, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya Ahabu. Alikula mkate wa mfalme mwovu, na katika nyumba hiyohiyo akaficha manabii mia moja pangoni na kuwalisha. Biblia inamtaja kuwa mcha Mungu, lakini pia inaonyesha hofu yake na jinsi nafasi yake ilivyokuwa nyembamba. Mtu anayetumikia karibu na kiti cha nguvu huokoa wengine, na huwa na wengine asioweza kuwaokoa. Wakati mwingine kiti chenyewe humbadilisha. Wakristo wanaoingia siasa wanapaswa kuingia wakiijua hatari hiyo, na Kanisa lisichoke kuwaombea na kuwaonya.

Lakini wachanga ambao kitovu chao kilikatwa kwa mkasi safi waliishi. Watoto wa Wuhan waliopanda mashua walikua, wakazaa. Hayo hayafutwi na makosa ya serikali.

Na sisi?

Kwetu mashariki hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya mtoto wa vita. Tunawaona. Ninachojifunza kwa Li Dequan ni kwamba huruma inahitaji kalamu na daftari. Kulia pamoja na wanaolia ni vizuri, lakini mtoto asiyeandikwa popote atapotea mara ya pili. Najifunza pia kwamba wamama wanaweza kuketi meza moja wakati wanaume wao wamegombana, kama wanajua wameketi kwa ajili ya nani. Na mkunga mzee wa kijiji asidharauliwe. Akifundishwa, anaweza kuokoa wengi kuliko hotuba zetu.

Naomba jambo moja dogo. Jumapili hii, baada ya ibada, mashemasi na viongozi wa wamama wachukue daftari, waandike majina ya watoto waliokuja kwetu bila wazazi: jina, kijiji walikotoka, na nani anawalaza usiku. Waandike wote, bila kuuliza kabila la baba. Halafu tuyasome majina hayo mbele za Bwana katika maombi, na Jumatatu tuanze kazi.

Bwana awabariki na kuwalinda.